Vijiko vya Chooni

Kazi yangu ni kuwaambia watu ukweli wasiotaka kuusikia. Mtu anaingia dukani na pete aliyoiokota, ameifungia kwenye leso kama kifaranga, macho yamemtoka. Mimi naisugua kwenye jiwe langu jeusi, nadondosha tone la tindikali juu ya mstari ulioachwa, na mstari unayeyuka mbele ya macho yake. Shaba ya njano. Wengine hunitukana. Wengine hucheka na kusema si kila king'aacho ni dhahabu, na hao ndio siwapendi zaidi, maana wanaisema kana kwamba wameitunga wao. Mwaka wa ishirini na tatu huu nimo katika chumba hiki cha dirisha moja, kati ya fundi redio na mwanamke anayeshona mashuka, na bado sijauzoea uchafu wa vitu vya watu: nta ya masikio kwenye hereni, nongo za shingo kwenye mikufu, sabuni iliyooza chini ya vito. Kila jioni nanawa mikono mpaka viwiko.

Lakini hakuna aliyewahi kunitia kinyaa kama binamu yangu.

Tunamwita Fuko, kwa sababu anaishi kwa kuchimba. Ni mtoto wa shangazi yangu, mtu mzima mwenye mvi, na ana mashine ya mtumba anayoiita pua, inayolia ikipita juu ya chuma. Elimu yake ni moja tu: kwamba hazina za watu wa zamani haziko mapangoni, ziko vyooni. Na kusema haki, hajakosea. Kabla ya magari ya taka, watu kila walichovunja walikitupa kwenye shimo la choo, na kilichowaponyoka mfukoni wakiwa wamechuchumaa hakuna aliyekifuata. Miaka ikipita, kinyesi kinageuka udongo mweusi, laini, na Fuko anashuka humo na koleo fupi huku akiimba.

"Ni mbolea tu, dada," huniambia. "Kwani wewe huli mboga?"

Siku hiyo, asubuhi, aliingia na ndoo akaitua juu ya meza yangu, pale pale kwenye kitambaa cheupe ninapowekea mizani. Ningekuwa na rungu ningelitumia. Harufu haikuwa ya kinyesi, hiyo ningeivumilia. Ilikuwa ya mayai viza, nzito, harufu inayokaa kwenye ulimi. Fundi redio alikohoa upande wa pili wa ukuta, kisha nikasikia akifunga dirisha lake.

"Weka hicho kitu chini," nikasema.

"Dada, subiri uone kwanza."

"Chini, Fuko!"

Akaishusha chini, akachuchumaa, akaanza kunipangia mali yake sakafuni: vifungo vya mifupa, bomba la shaba lililopasuka, sarafu mbili zilizolika hadi hazina kichwa wala mkia, kichwa cha mwanasesere kisicho na macho. Mwisho akatoa bonge jeusi, kubwa kama mkate, akalipigapiga kwa kidole.

"Hili ni risasi, au bati bovu. Nilikuwa nakwenda kuwauzia wa vyuma chakavu, nikasema acha nipite kwa dada."

Nilivaa glavu, mbili kila mkono, nikaliinua. Lilikuwa bonge la vijiko, vimegandana na tope lililokauka. Na hapo ndipo wachimba vyoo wote wanapojikwaa. Dhahabu ukiizika chooni miaka mia itatoka inang'aa vile vile, haina aibu. Fedha ndiyo inayoshikwa na hewa ya choo ikawa nyeusi tii, nyeusi kuliko sufuria ya shule, na asiyejua akiiona anaitupa. Nikapitisha sumaku, haikushika. Nikakwangua mpini mmoja kwa tupa, ndani kukatoka weupe. Nikausugua kwenye jiwe na kudondosha tone langu. Likageuka jekundu la damu.

"Fedha," nikasema. "Na si ya kupakwa. Ni fedha mpaka ndani."

Fuko aliruka juu akacheza, na matope ya viatu vyake yakaruka mpaka kwenye sketi yangu. Nikamwambia akae au atoke. Nikatandika karatasi ya alumini ndani ya beseni, nikamwaga magadi na maji ya moto, nikavizamisha. Maji yakachemka mapovu, na ile harufu, ambayo nilidhani haiwezi kuzidi, ikazidi. Uchafu wa kale ulikuwa unaachia, unanipanda puani. Nilishika pumzi, nikavisugua kimoja kimoja kwa kidole. Vilikuwa kumi na viwili. Kwenye kila mpini palikuwa na herufi mbili zilizochongwa, zimezungukana, kama nyoka wawili wanaopigana.

Nilikaa chini bila kutafuta kiti. Bahati kiti kilikuwepo.

"Umevitoa wapi hivi?"

"Ile nyumba kubwa ya meneja wa kiwanda, inayobomolewa. Nyuma kabisa, kwenye choo cha watumishi. Vipi, dada, mbona umebadilika?"

Kama nyoka wawili wanaopigana: maneno hayo si yangu, ni ya mama yangu. Mama alikuwa mfanyakazi katika nyumba ile nilipokuwa na miaka miwili. Kila Jumamosi aliving'arisha vijiko vya meneja kwa majivu na ndimu, kumi na viwili, na alikuwa akinisimulia zile herufi hadi nikazijua kabla ya kujua kusoma. Siku moja vijiko havikuonekana. Walimpekua, wakapekua chumba chake cha uani, wakachana hata godoro. Hawakupata kitu, lakini mtumishi aliyekuwa na ufunguo wa kabati ni yeye, basi akafungwa miezi minne. Alipotoka alisema neno moja ambalo amelisema maisha yake yote: sikuchukua.

Hakuna aliyemwamini. Shangazi zangu, mama akipita sebuleni, waliinua mikoba yao kutoka sakafuni wakaipakata mapajani, polepole, ili aone. Nimeliona hilo utoto wangu mzima.

Na baba? Ah, baba alisifiwa. Baba alikuwa fundi viatu. Aliishi na mama katika kile chumba cha uani, akishonea watu viatu nje ya geti. Watu walimpachika jina la Mafiga, kwa sababu kila kiatu kilichotoka mikononi mwake alikipigilia vimisumari vitatu vya shaba nyekundu ndani ya kisigino, vimekaa kama mafiga ya jikoni. Ndiyo ilikuwa sahihi yake. Mama alipotoka gerezani, baba alikwenda kumpokea, akasimama mbele ya ndugu zake akasema, "Mke wangu amekosea, lakini mimi nimemsamehe." Watu wakatoa machozi. Aliirudia miaka thelathini na tisa, kwenye harusi, kwenye vikao, kila ndoa ya mtu ilipoyumba: nitazameni mimi, nilisamehe. Siku tuliyomzika, wasemaji wawili walilitaja hilo, na mimi nikalia kwa fahari ya kuwa binti yake.

Niseme na yangu, maana si haki kuwasema wengine tu. Mama anakaa kwangu mwaka wa tisa sasa. Namlisha, namvisha, nampeleka hospitali. Lakini humu dukani hajawahi kukaa peke yake hata dakika moja. Nikitoka kwenda msalani, namwomba fundi redio aje amsalimie. Nilikuwa nikijiambia ni kumpa mama mtu wa kuzungumza naye.

Fuko naye si mjinga wa kila kitu. Alitazama vijiko, akanitazama mimi, midomo ikaanza kumcheza.

"Subiri. Ndivyo vyenyewe? Vile vya kesi?" Akajipiga paja. "Kumbe mama yako alivitia chooni! Mmh, alikuwa na akili yule!"

"Funga mdomo wako."

Hakuufunga. Alikuwa tayari ana simu sikioni. "Mama! Vijiko vya meneja nimevipata! Choo cha watumishi, mama, choo chao wenyewe!" Na hata pale nilipokaa nilimsikia shangazi, sauti imetoboa simu ikaenea chumba kizima: "Si nilisema mimi! Siku za mwizi arobaini! Nakwenda kwake sasa hivi, akaniambie usoni kwamba hakuchukua!"

Mama yangu ana miaka sabini na minne. Alikuwa nyumbani peke yake, na shangazi anakaa mitaa miwili tu kutoka kwetu.

Ningeweza kukimbilia nyumbani. Lakini ningekwenda na nini? Na vijiko vilivyotoka choo chake? Nilimshika Fuko kola, kola yenyewe imelowa, nikamuuliza, "Vilikuwaje humo ndani? Vimetawanyika, au vilikuwa pamoja?"

"Pamoja. Vilikuwa kwenye lidude fulani kama ngozi ya chura. Nikalichana, nikalitupa."

"Umelitupa wapi?"

"Pale pale, kwenye lundo. Takataka ile, dada."

Takataka! Miaka yote hii ninawaambia: msiniletee chuma peke yake, nileteeni na kilichokibeba. Kijiko hakijui aliyekificha. Mfuko unajua. Lakini wachimbaji wanasikia mlio wa mashine tu, na kisicholia kwao si kitu.

"Twende," nikasema, nikafunga duka.

Nyumba ya meneja ilikuwa imebaki kuta mbili na ngazi isiyokwenda popote. Nyuma yake lilikuwa shimo, na kando ya shimo lundo la ule udongo mweusi, linafuka kwenye jua la saa tano. Mafundi waliokuwa wakivunja matofali walijiziba pua kwa fulana na kutucheka. Fuko alinipa koleo. Nililikataa, kwa sababu koleo lingekikata nilichokuwa nakitafuta. Nilipiga magoti nikatumia mikono.

Sitayasema yote niliyoyashika. Kulikuwa na nywele, mafundo ya nywele za watu. Kulikuwa na mifupa ya panya na vitambaa ambavyo nilijua vilitumika kwa nini. Kila nilipovunja donge, hewa ya miaka hamsini ilinipiga usoni, vuguvugu, kama mtu anayekupumulia. Nilitapika mara moja, kando, nikajifuta kwa bega, nikarudi. Na nitasema jambo lililonichefua kuliko lile lundo: moyoni nilikuwa nimeshamhukumu. Mikono ilikuwa ikitafuta ushahidi wa kumwokoa mama, na kichwa kilikuwa kikitunga jinsi nitakavyomwambia shangazi kwamba ni mambo ya zamani, mama ni mzee, yaishe.

"Hicho hapo," Fuko akasema.

Ngozi ikikaa kwenye majimaji yasiyo na hewa haiozi upesi kama watu wanavyodhani. Ilikuwa imejikunja, inateleza kama kamasi. Niliibeba hadi kwenye bomba la mafundi, nikaiosha taratibu, nikaikunjua kwenye ubao. Ulikuwa mfuko, mrefu wa kutosha vijiko. Ulishonwa kwa uzi mnene wenye nta, mshono wa karibu karibu, wa mtu aliyeijua kazi yake. Juu palikuwa na tundu lenye kipande cha waya ulioliwa na kutu. Basi nikaelewa: mfuko ulitundikwa kwa waya chini ya tundu la choo, mahali ambapo hakuna mpelelezi angeingiza mkono, ili mwenyewe aje auvute mambo yakitulia. Waya ukala kutu, ukakatika, mfuko ukaenda chini.

Chini ya mfuko, mshono ulipoishia, palikuwa na nukta tatu za kijani.

Nilizikwangua kwa ukucha. Ukijani ukatoka, ikabaki shaba, nyekundu. Vimisumari vitatu, vimekaa kama mafiga.

Sikuhitaji jiwe wala tindikali. Nimevaa viatu vyenye vimisumari vile tangu nijifunze kutembea.

Fuko aliinama juu ya bega langu. "Mjomba?"

"Mjomba wako."

"Dada." Akatazama huku na huku. "Tukirudishe shimoni. Nani atajua? Marehemu jamani, hasemwi."

Nilitaka kumtapikia yeye. Lakini haikuwa yeye. Nilikuwa nikimwona baba amesimama mbele ya watu, mkono kifuani, akisema nimemsamehe. Aliiba. Aliona mkewe akichukuliwa, akanyamaza. Alimwacha gerezani miezi minne huku mfuko umelala kinyesini asiweze hata kuufaidi. Halafu akatoka mbele ya watu akamsamehe! Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini huyu alikula, akafuta mdomo kwa nguo ya mama, na akataka ashukuriwe. Miaka thelathini na tisa mama alimpikia, akamfulia, na kila kwenye mkutano wa ukoo aliinamisha kichwa akisamehewa. Hakuna choo duniani chenye uchafu huo.

Nilifunga ngozi kwenye karatasi ya saruji, nikaenda nyumbani kwa miguu. Watu njiani walinipisha. Fuko alinifuata nyuma kama mbwa aliyekula yai.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti changu, kile chenye mto, miguu ameinyoosha. Mama alikuwa amesimama. Ndani ya nyumba ninayoishi, mama yangu alikuwa amesimamishwa katikati ya sebule, mikono ameifumba tumboni, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mwambie mwanao," shangazi alikuwa akisema. "Mwambie, wifi. Ukweli haujawahi kumuua mtu. Kaka yangu alishakusamehe, sisi ni nani tusikusamehe?"

"Sikuchukua, wifi," mama akasema. Sauti ile ile, maneno yale yale, hakupandisha wala hakushusha.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza, nikasogeza kitambaa cha mapambo, nikaikunjua ngozi. Shangazi alijiziba pua kwa upindo wa nguo. "Uchafu gani huu unatuletea?"

"Angalia hapo chini, shangazi. Vijiko vilikuwa ndani ya huu."

Aliangalia. Naye alivaa viatu vya kaka yake tangu usichana mpaka siku ya mazishi. Niliona macho yake yakifika kwenye vile vimisumari na kusimama.

"Misumari ni misumari," akasema. "Inauzwa madukani."

"Mama," Fuko akasema kutoka mlangoni, taratibu. "Ni mjomba."

Shangazi aliokota mkoba wake, akatafuta kitu ndani yake ambacho hakukipata. Nilisubiri aombe radhi. Nilisubiri hata apige kelele, atukane, akane. Akasema, "Alikuwa kijana. Kijana hakosi kukosea." Kisha, akiwa tayari amesimama, akaongeza, "Na isitoshe, wifi, si alirudi akakuchukua? Wangapi wangekuchukua?"

Akatoka. Fuko alinitazama, akamtazama mama, akamfuata mama yake.

Mama aliketi. Alichagua kiti cha mbao kando ya dirisha, akaweka mikono juu ya magoti. Nilimwendea nikapiga magoti mbele yake, na uvundo wangu, na sketi yangu iliyokauka matope, machozi yananitoka kwa hasira na kwa furaha, vyote pamoja.

"Mama, yamekwisha," nikasema. "Nitamwambia kila mtu. Nitawapelekea ngozi hii nyumba kwa nyumba. Alikufanyia unyama mama, na sasa nimejua. Nimejua hukuchukua."

Hakuitazama ngozi. Alikuwa akinitazama mimi.

"Baba yako nitaonana naye huko aliko," akasema. "Tutamalizana. Ninayekaa naye ni wewe. Una miaka mingapi?"

"Hamsini na miwili, mama."

"Tangu ukiwa umekaa kati ya magoti yangu nikikusuka nywele nilikuambia sikuchukua. Ulipovunja ungo nilikuambia. Ulipoolewa nilikuambia. Nilikuambia kwa mdomo huu uliokubusu, hukuniamini." Alivuta pumzi. "Leo umeambiwa na choo, umeamini."

Nilitaka kushika mkono wake. Akauondoa, si kwa ukali, kama mtu anayeondoa mkono kwenye meza iliyomwagikiwa.

"Kaoge," akasema.